Chatu wa Karatasi Asiye na Kichwa

Mabula mwanangu,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kumuuliza ninayemwandikia hali yake, kisha nikamwambia kwamba sisi huku hatujambo. Hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena, na kila mara nakwama mahali hapo hapo. Hali yako siwezi kuiuliza. Na sisi huku, mama yako na mimi, tupo. Tunaamka, tunakula kidogo, jua likizama tunafunga mlango. Neno zuri zaidi ya hilo sina.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya chatu wako. Habari zake zimeenea Nkololo nzima, na kila anayezisimulia anatia chumvi yake. Wapo wanaocheka. Wapo wanaoongea, wakiniona napita wananyamaza. Sitaki zikufikie kutoka kwa mwingine, kama huko uliko habari zinafika. Acha nikueleze mwenyewe.

Siku ile mama yako na mimi tulikuwa shambani tunapalilia pamba. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ulikuwa unakuja kutoka Bariadi kuendelea na kazi yako, maana chumba chako cha mjini kilikuwa kidogo, chatu hakuenea. Tukamwona kijana wa bodaboda anakuja kwa miguu, pikipiki ameiacha barabarani. Alikuwa anakata moja kwa moja juu ya matuta, anakanyaga miche bila kuangalia chini. Mtu wa huku hakanyagi pamba ya mwenzake hivyo. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alisema lori. Alisema, "Mzee, njoo tu." Jembe sikumbuki nililiacha wapi, na mpaka leo sijaliona.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, jirani na babu yako. Walimu wenzako walikuja, na wanafunzi wako, basi zima. Saguda, manju anayeongoza ngoma ya nyoka, naye alikuja na wachezaji wake wote, wakasimama nje ya ua kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa ndani. Mimi nami ni mzee wa kanisa, unajua. Niliwaona nikashindwa kuwaita waingie. Sikuwa na nguvu ya kuinua mkono.

Matanga yalipokwisha na ndugu wakaondoka, niliingia chumbani kwako. Chatu wako alikuwa amelala sakafuni, amejizungusha kandokando ya ukuta, mnene kama paja langu, magamba yake yote yamesimama kwa mpango. Karatasi ya kaki tu. Rola ulilolinunua dukani kwa wauza madaftari ya shule, ukalipaka uji mwepesi wa wanga, ukalianika juani, kisha ukalikunja miezi yote ile bila kulikata mahali wala kutia gundi. Mkia ulikuwa umekamilika. Mwili ulikuwa umekamilika. Shingoni karatasi ilibaki wazi, pana, imelala bapa kama kitambaa kinachosubiri fundi.

Nilikaa sakafuni kando yake. Sikulia siku ile. Nilimwangalia tu.

Nilikumbuka ulivyokuja kuniambia. Chatu wa Saguda alikuwa amekufa kwa uzee, na manju bila chatu ni manju nusu. Wapinzani wake walikuwa wameshaanza kumwimbia nyimbo za dhihaka. Akakufuata wewe, mwalimu wa sanaa, kwa sababu alikuwa ameona ndege na ng'ombe wa karatasi uliowatumia kupamba ukumbi kwenye harusi mjini. Ukaja kwangu kwanza. Ulisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu, ukasema, "Baba, nitawakunjia chatu. Huyu haumi, hali panya, na pepo hana."

Ulijua kwa nini unaniuliza. Babu yako alicheza na nyoka mpaka meno yakamtoka. Mimi nililala chumba kimoja na vikapu vya nyoka utoto wangu wote, na siku niliyobatizwa niliapa kwamba uwanja wa mbina, zile ngoma za mashindano, sitaukanyaga tena. Tangu hapo ngoma zikilia upande ule wa kijiji, mimi nakwenda upande huu. Lakini ulinichekesha. Nikakujibu, "Karatasi haina dhambi. Ila mimi uwanjani usinitafute." Ukashukuru, "Wabeja, baba." Ukaondoka unapiga mluzi.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa mizuri kwangu, sikukuambia. Nilikuwa naleta kigoda naketi mlangoni kwako, nasema nimekuja kupumzika. Ulikuwa unapiga mistari kwa kipande cha pembe ya ng'ombe, kwanza ya kulalia, halafu ya kusimama, halafu ya mshazari, karatasi nzima ikawa miraba midogo midogo. Nikakuuliza unajuaje upi unakunjwa juu na upi unakunjwa chini. Ukanijibu kwa lugha yangu: "Baba, hili tuta, huu mfereji. Tuta, mfereji. Shamba tu hili." Nami nikaona nimeelewa, mkulima mimi, nikakaa pale najisikia mtu wa maana.

Sikuelewa kitu, Mabula. Nimekuja kujua hivyo baadaye.

Saguda alikuja pamba ilipokuwa imeanza kupasuka. Alikaa na kofia yake magotini, akazunguka weee, mvua, ng'ombe, bei, mpaka mama yako akamwambia, "Sema ulichokuja nacho." Akasema mbina zinakuja baada ya mavuno. Akasema hana haraka wala hadai, lakini ile ni kazi ya mwisho ya kijana, na kama kuna mtu wa kuimalizia kichwa, yeye atamcheza chatu yule kwa jina lako. Na kama hakuna, basi.

Nilimwambia nitamaliza mimi.

Mama yako aliniangalia mikono. Nami nikaiweka chini ya meza. Unaijua. Ina nyufa za jembe, na kidole gumba hiki hakikunjiki sawasawa tangu fahali aliponibana na mlango wa zizi. Lakini nilifikiri, mimi ndiye niliyekaa mlangoni pale. Nani mwingine ameona zaidi yangu?

Nikaanza na magazeti, nikaja kwenye mifuko ya saruji. Tuta, mfereji. Nilikuwa natandika karatasi mezani, napiga mistari kwa pembe yako, nakunja. Mahali nilipokwama ni pa kijinga, utanicheka. Karatasi ukiigeuza, tuta linakuwa mfereji. Shamba haligeuki! Miaka yote nimelima, tuta nililoliacha jioni asubuhi nalikuta tuta. Kwenye karatasi yako nilikuwa nakunja upande huu vizuri, nikigeuza kila kitu kimekuwa kinyume, nami sijui tena nilikuwa wapi. Zilitoka bahasha, zikatoka kofia, siku moja kikatoka kitu ambacho mama yako alisema ni kiatu. Tulicheka siku ile. Mara ya kwanza tangu ulipoondoka. Halafu kila mtu akaangalia pembeni.

Mwalimu Rehema alikuja kutoka shuleni kwako, yule uliyekuwa unafundisha naye sanaa. Alileta vitu vyako vilivyokuwa ofisini. Nikamwonyesha chatu, nikamweleza shida. Akatoa simu, akatafuta picha za watu wa nchi za mbali wanaokunja nyoka, akanionyesha mmoja baada ya mwingine, vichwa vizuri kabisa. Hakuna kilichokuwa chako. Vya kwao vilianza na karatasi ya umbo lingine, havikuoana na shingo uliyoiacha. Simu yako, ambayo ndani yake labda ulipiga picha za kazi, ilisagika barabarani. Rehema akaomba aone kile kichwa kidogo cha kujaribia, ulichokikunja kwanza kabla ya kuanza mwili. Mama yako akakitoa kabatini, kwenye vikombe vya wageni, alikokiweka tangu msiba. Kila asubuhi alikuwa anafungua kabati lile anakisalimu kama mwanawe aliyeamka, "Mwangaluka, ng'wana wane," kisha anawasha moto.

Rehema alikiweka kiganjani. Kinatosha kiganja. Macho mawili yaliyotokeza, taya la juu na la chini, mdomo wazi kidogo, na ulimi umegawanyika ncha, vyote karatasi moja. Alikigeuzageuza muda mrefu, akachungulia ndani kwa tochi ya simu. Halafu akasema polepole, "Mzee, hiki hakukiona mahali. Amekitunga mwenyewe. Anayejua kilivyokunjwa ni hiki chenyewe tu."

Nikauliza ana maana gani.

"Mpaka kifunguliwe."

Nikamwambia akifungue, yeye ana mikono laini na elimu ya kazi hiyo. Akakirudisha mezani kama kimemchoma. "Mimi siwezi, mzee. Hiki ni chenu." Aliaga mapema, na mpaka barabarani alikuwa anafuta macho.

Wiki zile zilizofuata kichwa kilikaa kabatini, nami nilipita mbele ya kabati bila kuligusa. Sikumwomba mama yako. Siwezi kumwomba mwanamke kitu kama hicho. Pamba ilivunwa, tukaipeleka kupima, vijana wakaanza kusafisha uwanja. Nilikuwa nimeshajiandaa kwenda kwa Saguda nimwambie nimeshindwa.

Siku moja mchana, baada ya kula, mama yako alikwenda kabatini mwenyewe. Alikiweka mbele yangu juu ya meza, akaketi upande wa pili, akafunga mikono ndani ya kanga. "Kifungue," alisema. Nikamwambia, "Milembe, hapana." Akasema, "Kama kuna njia ya kumfikia, ni hii. Kifungue, mimi nakuona."

Nikaanza na ulimi.

Nilikwenda taratibu, Mabula, nakuapia. Kila nilipofungua mkunjo mmoja nilisimama, nikauangalia, nikajaribu kuushika kichwani. Ulimi ukaisha. Nikafungua taya la chini. Macho yalikuwa magumu, ulikuwa umeyafungia ndani ya kitu kingine, nikayavuta kwa ukucha, yakatoka kwa sauti ndogo, tak, moja, halafu la pili. Mama yako alikuwa anapumua kwa nguvu. Nikaendelea, maana pale huwezi kuacha katikati. Kilikuwa si kichwa tena, na karatasi bado haikuwa. Mwisho kikalala wazi mezani, mraba mmoja wa kaki, umejaa mistari kama mbuga iliyopasuka wakati wa kiangazi.

Nilitafuta alama ya kalamu. Hata namba, hata mshale, hata herufi. Hukuandika kitu. Uliijua kazi yako kwa vidole.

Mama yako aliinama, akaiangalia karatasi ile, akauliza, "Yuko wapi sasa?"

Nikaigeuza karatasi, nikaigeuza tena.

Tukajaribu kukirudisha. Yeye alishika upande wake, mimi wangu, vichwa vyetu vinagongana. Nilisema tuta hapa, akasema hapana, huu mfereji, angalia umeingia. Alikuwa anaona vizuri kuliko mimi. Kuna wakati taya lilikaa, nakwambia lilikaa, tukatazamana, na ilipofika zamu ya jicho likafyatuka lote. Tukarudia. Siku iliyofuata tukarudia. Kilichotoka kilifanana na mdomo wa kuku. Karatasi ilianza kulegea, mikunjo ikawa laini kama nguo iliyofuliwa sana, na pale katikati, mistari yote inapokutana, pakatoboka. Tundu dogo. Mama yako aliliona kwanza. Alinyoosha mkono akaifunika karatasi kwa kiganja, akasema, "Basi, baba Mabula. Basi."

Ndivyo tulivyokipoteza. Kwa mikono yetu wenyewe, mchana kweupe, tunakipenda.

Nilikwenda kwa Saguda kwa miguu. Nilimweleza yote, hata tundu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tutamcheza hivyo hivyo." Nikamwambia chatu bila kichwa ni aibu kwake, wapinzani watamwimbia mpaka mwaka ujao. Akasema, "Waimbe. Aliyekufa hana kichwa cha kutuazima."

Walikuja kumchukua chatu asubuhi ya mbina. Walimbeba vijana wanane mabegani kama wanavyobeba jeneza, mama yako akashindwa kuangalia akaingia ndani. Shingo waliifunga kwa kipande cha kitenge ili isifumuke, maana hilo pia nilikuwa nimejifunza katika kushindwa kwangu: kichwa ndicho kufuli. Bila kichwa, magamba hayana cha kuyashika kwa mbele, yakianza kufunguka yanafuatana mpaka mkiani. Niliwafundisha mahali pa kufunga. Nikawaaga. Nikarudi nikachukua Biblia nikakaa chini ya paa la jiko, nikasoma mstari mmoja, sijui mara ngapi. Ngoma zilipoanza kulia nikafunga kitabu.

Nilijiambia nitasimama mbali. Kulikuwa na umati mkubwa, vumbi, wauza miwa, akina mama wamepanda juu ya mikokoteni ya ng'ombe ili waone. Nilisimama nyuma ya baiskeli zilizoegeshwa, kofia nimeishusha machoni. Mzee mmoja tunayesali naye alinipita, hakunitambua, au alijifanya.

Saguda aliingia na manyoya kichwani na njuga miguuni, akaimba jina lako. Aliliimba kwa Kisukuma, Mabula mtoto wa nani, mjukuu wa nani, na alipofika kwa babu yako wazee wakaitikia. Kisha chatu akatoka.

Laiti ungemwona. Wewe ulimwona amelala tu. Hukuwahi kumwona anatembea. Vijana walimweka shingoni na mabegani, wakayumba pamoja, na magamba yale yote uliyoyapiga kwa pembe yakafunguka na kufunga, yakafunguka na kufunga, mwili ukarefuka ukafupika, jua likaingia katika mikunjo likatoka. Kelele zilikatika. Nilisikia mtoto mmoja anauliza kama yu hai. Hata upande wa wapinzani walikuwa wamesimama kimya. Hakuna aliyeangalia kwamba hana kichwa. Mimi mwenyewe nilisahau.

Halafu kitenge kikateleza.

Niliona kabla yao. Kijana wa mbele alikuwa anaruka, jasho limelowesha shingo ya chatu, fundo likashuka, na gamba la kwanza likafunguka. Likafuata la pili. Kijana alijaribu kushika kwa juu, akabana mahali si penyewe, na kwa kubana vile akazidi kuyasukuma. Yalikuwa yanafunguka kuja nyuma, mstari kwa mstari. Kazi yako ilikuwa inarudi kuwa karatasi mbele ya watu wote, na kati ya watu wote wale mimi peke yangu nilijua pa kushika.

Sikuamua kitu, Mabula. Wameniuliza sana hilo. Natamani ningekuwa na uamuzi wa kuwaonyesha. Nilijikuta nimeangusha baiskeli za watu, nipo katikati ya uwanja, mkono wangu wa kulia umeingia ndani ya shingo mpaka kifundo, gumba lisilokunjika limesimama juu kwa ndani, vidole vinne vimekaza chini ya koo. Yakasimama. Magamba yakasimama. Nikahisi mikunjo yako inapumua juu ya ngozi yangu.

Nikadhani wataacha kupiga. Hawakuacha. Ngoma ikiwa pale haisimamishwi, na vijana nyuma yangu walikuwa wanakwenda, nami nikivuta mkono kila kitu kinaanguka. Kwa hiyo nilikwenda nao. Nikazunguka uwanja nimemshika, ngumi yangu ndiyo mbele, Saguda kando yangu anaimba, machozi na kamasi vinanitoka mbele ya kijiji chote na siwezi kufuta kwa sababu mkono wa pili unamsaidia wa kwanza. Watu wanasema nilicheza. Wanasema nilipiga magoti chini kama babu yako alivyokuwa anapiga. Mimi sijui. Nakuambia kweli, sijui.

Mkono ulipotoka, shingo ilikuwa imelowa imekuwa uji. Nilibaki na vipande kwenye vidole. Saguda amemhifadhi mwili uliobaki darini kwake, lakini ametandazika, hasimami tena. Mchwa nao unawajua. Sijui atakaa mpaka lini.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliniomba nibaki. Ni kijana, ningeweza kumzaa. Wazee wenzangu walikuwa wamekaa mstari, na yule aliyenipita kwenye baiskeli alikuwepo. Waliniuliza, "Mzee, ulikanyaga uwanja?" Nikasema ndiyo. "Ulicheza?" Nikasema sijui. Walitazamana. Mmoja akasema yule chatu, karatasi au si karatasi, aliimbiwa jina la mizimu. Nikasema aliimbiwa jina la mwanangu. Mchungaji akasema, kwa upole, "Baba, hatutaki mengi. Sema tu nimekosa, tukuombee, urudi kwenye nafasi yako."

Neno moja. Nimewaongoza watu wengi kulisema neno hilo, nimewashika mabega wakilisema. Nilifungua mdomo. Lilikuja mpaka hapa kooni. Halikutoka. Nikajaribu kusema sikukosa, nalo halikutoka. Nilikaa pale kama mtu aliyepotelewa na lugha zote mbili, Kiswahili na ya kwetu, mpaka mchungaji akafunga kwa sala.

Wameniweka kando. Sisomi tena neno, sipokei sadaka, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, wanapokaa wageni na wenye watoto wachanga. Juma la kwanza mama yako alikaa mahali pake, mbele, na akina mama wenzake. Juma la pili aliingia, akatembea mpaka katikati, akasimama. Akageuka mbele ya watu wote akaja kuketi na mimi. Tukarudi nyumbani. Alipika matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, tukala.

Nisingependa kukudanganya kwamba kuna kitu kimekuwa chepesi. Nikiamka nasikia pikipiki barabarani nasimama. Kila pikipiki. Mama yako hafungui tena kabati asubuhi, anawasha moto moja kwa moja, na mimi ndiye niliyelimaliza hilo jambo lake moja lililobaki, ingawa yeye ndiye aliyeniambia. Karatasi yenyewe ameiweka wapi sijui. Sijauliza. Mara nyingine namwona ameketi na vidole vyake vinakwenda hewani, vinakunja, tuta, mfereji, anafika mahali anasimama.

Mchungaji alikuja jana. Alikula kwetu, akasifia ng'ombe, wakati wa kuondoka akaniambia kanisa linaningoja, nisikae mbali hadi moyo ukapoa. Ni mtu mwema. Nitakwenda, Mabula. Sitakufa nje ya nyumba ya Mungu, na siku yoyote sasa nitasimama mbele yao nitubu. Nitatubu ukali wangu, na wivu, na uvivu wa sala tangu ulipoondoka, na maneno mabaya niliyomwambia Mungu siku ile shambani, ambayo hakuna aliyeyasikia. Nina mengi ya kutubu, wataridhika.

Ila kukushika, hapana. Hilo nakuahidi, na ndilo tu nililo na uwezo wa kukuahidi. Wakinitaja uwanja, nitanyamaza. Wakinirudisha benchi la nyuma, nitakaa. Mikono yangu haikuweza kukutengenezea kitu, lakini ilikushika mzunguko mmoja usifumuke, na kwa hilo sitasema nimekosa.

Lala, ng'wana wane. Mama yako anakusalimu. Amesimama mlangoni hapa anauliza naandika nini, nami nimemwambia namwandikia Mabula. Ameleta kigoda, ameketi.

Mimi baba yako.